Mbio za Lami ya Koboko: Maoni Yetu



Katika mikutano ya tawi letu limezuka jambo lisilomo katika ajenda. Tukimaliza habari za mishahara, saa za ziada na viatu vya kazi, vijana hutoka nje wakakaa chini ya mwembe, na huko mazungumzo huwa moja tu: gari la nani lilimwacha nani Jumapili iliyopita kwenye lami ya kwenda Koboko. Huyu amenunua Datsun ya mjomba wake iliyolala uani miaka kumi na tano. Yule ana Peugeot 504 iliyokuwa teksi. Wa tatu ana Corolla ya zamani, bodi imeliwa na kutu lakini injini yanguruma. Siku za kazi magari hayo hubeba mihogo, wagonjwa na watoto wa shule. Jumapili jioni hupangwa mawili mawili, mtu akaangusha kitambaa, na mbio zikaanza.

Baadhi ya wazee wa tawi wametutaka tuandike makala ya kuwalaani vijana hawa. Tumekataa. Hatukukataa kwa kuwa mchezo huo ni salama. Si salama hata kidogo, na tutasema hivyo bila kumung'unya maneno. Tumekataa kwa sababu mtu anayeshinda siku sita kwenye joto la tanuri la tumbaku, au mashineni akihesabiwa dakika za kwenda haja, ana haki ya kuwa na kitu kimoja maishani mwake ambacho msimamizi hakukipanga. Na kijana aliyejifunza mwenyewe kuseti kabureta na kusaga vali amepata elimu ambayo hakuna aliyempa. Je, chama cha wafanyakazi kiidharau elimu hiyo? La hasha.

Tena kuna jambo linalotukera. Wakubwa wanaopiga kelele zaidi juu ya wahuni wa barabara ya Koboko, baadhi yao ndio hao hao wanaowapakia vibarua nyuma ya lori, wamesimama kama magogo, dereva akiambiwa awahi. Lori hilo halina mshangiliaji wala kitambaa, lakini linakwenda mbio vilevile. Mwenye kutaka kuzungumza nasi juu ya mwendo wa kasi na aanze na lori lake.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe.

Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba ina urefu wa kilomita 92, yaani yatoka mpaka wa Kongo hadi mpaka wa Sudan Kusini. Iliwekwa lami katika miaka ya 2010. Kabla ya hapo palikuwa na vumbi jekundu wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua, na ushindani pekee ulikuwa ni nani afike bila kuvunja springi. Lami ilileta mengi mema. Wagonjwa wanafika hospitali mapema, na mazao yanafika sokoni kabla hayajaoza. Lakini ililetwa ikapita mlangoni mwa watu waliozoea kuvuka polepole. Mama mwenye kichanja cha nyanya kichwani anapima mwendo wa gari kwa macho yaliyozoea mashimo, na gari la leo halimpi nafasi ya kukosea.

Tamaa ya kasi si ya jana. Wazee wetu waliyajua mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953, nchi hizi tatu zilipokuwa bado chini ya Mwingereza. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, alishinda na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 kuukuu iliyokwisha kutumiwa na kiwanda kabla yao. Twalikazia hilo kwa ajili ya wale wanaosema kwamba pasipo gari jipya hakuna ushindi. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland kutoka Tanzania kwa Peugeot 404. Mwaka 1975 ilishinda Peugeot 504, ndugu ya zile teksi zetu, na mwaka 1978 ikashinda tena 504 ya aina ya V6.

Halafu yuko Shekhar Mehta. Huyu alizaliwa Uganda, katika jamaa ya wenye mashamba makubwa. Alishinda Safari mara tano: 1973, kisha 1979, 1980, 1981 na 1982, zote kwa Datsun. Ule ushindi wa 1973 ulikuwa wa ajabu, maana alilingana pointi na Harry Källström wa Sweden, ikabidi waangalie ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Wakati huo Mehta alikuwa amekwisha kuondoka Uganda, kwani Waasia walifukuzwa mwaka 1972. Twamheshimu kama dereva. Lakini watu wa West Nile wana kumbukumbu nyingine ya mashamba. Baba zetu, Walugbara kwa Waalur, walisafirishwa kwa malori kwenda kusini, Kakira na Lugazi, kukata miwa kwa ujira ambao haukutosha kununua hata tairi moja la Datsun. Wenye mashamba waliweza kushindana kwa magari. Wakata miwa waliyaona yakipita. Ndiyo maana tunapomwona mtoto wa mkata miwa akifungua injini yake mwenyewe chini ya mwembe, moyo wetu haupati hasira kama wazee wengine wanavyotaka.

Na wakubwa wa serikali nao walipenda kasi. Mwaka 1975, wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Kampala, Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Wakakwa wa huku Koboko, aliingia mashindano ya magari kwa Citroën SM yenye injini ya Maserati. Madukani sukari ilikuwa ya kusakwa. Tunapita hapo bila kusema zaidi.

Mchezo wenyewe wanaouiga vijana wetu, wa magari mawili kukimbia moja kwa moja robo maili, yaani mita 402, ulitoka Marekani. Huko miaka ya 1960 viwanda vilichukua injini kubwa za silinda nane vikazitia ndani ya bodi za magari ya kadiri. Pontiac GTO ya 1964 ilikuwa na injini ya lita 6.4. Gari la namna hiyo mtu alikwenda nalo kazini Ijumaa, na Jumamosi akalipeleka kwenye mashindano. Lakini msisahau lilitoka mikononi mwa nani. Katika kiwanda cha Dodge Main, huko Hamtramck karibu na Detroit, mwezi wa Mei 1968 wafanyakazi waliweka chini zana kwa sababu msimamizi alizidisha mwendo wa mstari wa kuunganishia magari. Katika mgomo huo wafanyakazi weusi ndio walioadhibiwa zaidi, wakaunda umoja wao ulioitwa DRUM. Kwa hiyo hata kule, kasi aliyofurahia mwenye gari barabarani ilianza kwa kasi iliyomchosha mtu kiwandani.

Sasa tuje kwenye spana. Vijana watatusamehe wakiona tumerefusha, lakini tumetazama fedha zinavyopotea, na fedha hizo ni mishahara tuliyoipigania sisi.

Kosa la kwanza ni kudhani kasi hununuliwa kwa injini kubwa. Mwenzetu mmoja aliuza ng'ombe wawili akanunua injini iliyotolewa katika gari jingine. Ilipoingia, redieta haikutosha, klachi iliteleza, shafti ikapinda, na gari likakaa juu ya matofali hadi leo. Hesabu yenyewe haina huruma. Katika mbio za kuanzia kusimama hadi mita 402, anayetaka kupunguza muda wake kwa nusu hana budi kuzidisha nguvu mara nane kwa uzito ule ule. Nguvu hulipa kidogo kidogo, tena kwa bei ghali.

Afya ya injini ndiyo mali ya kwanza. Pima mgandamizo wa kila silinda kwa geji, injini ikiwa moto na kabureta ikiwa wazi kabisa. Zikitofautiana kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi, usinunue chochote kwanza. Silinda dhaifu tia mafuta kidogo ya injini juu ya pistoni, upime tena. Mgandamizo ukipanda, ringi zimekwisha. Usipopanda, tazama vali au gasketi. Injini nne katika tano tulizoziona zikilaumiwa kuwa hazina nguvu zilikuwa na vali zisizokaa vizuri, au chujio la hewa lililojaa vumbi letu jekundu, au kebo ya akselereta isiyofungua kabureta hadi mwisho. Hili la kebo lichekeni, lakini mtu mmoja alikuwa ameendesha miaka minne kwa kabureta iliyofunguka robo tatu tu. Alirekebisha kwa kukaza nati moja. Jumapili ile aliwaacha wote.

Jambo la pili ni mahali tulipo. Arua iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na kwa kila mita 300 za kupanda injini isiyosukumiwa hewa hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake. Kwa hiyo injini iliyotoa nguvu za farasi 100 Mombasa hapa hutoa kama 88. Hakuna fundi anayeweza kukurudishia zote hizo, na anayeahidi ni mwongo. Lakini lipo linalowezekana. Kabureta ya zamani iliyopangwa kwa hewa ya pwani humwaga petroli nyingi mno huku juu. Plagi huwa nyeusi kwa masizi, bomba hutoa moshi mweusi, na gari huvuta kwa uzito. Badili kile kijitundu cha kupitishia petroli kwa kidogo zaidi, hatua moja moja, ukitazama plagi kila mara. Rangi ya kahawia kama ya udongo mkavu ndiyo unayoitafuta. Ikiwa nyeupe umepitiliza, na pistoni itatoboka. Hapo utapata nguvu, tena na akiba ya petroli Jumatatu unapokwenda kazini. Mambo machache duniani hulipa pande zote mbili namna hiyo.

Kuhusu petroli yenyewe. Wazee wanawakumbuka vijana wa Opec, waliouza petroli ya magendo kutoka Kongo kwa madumu na chupa kando ya barabara za Arua. Wengi wao walikuwa watu waliorejea kutoka ukimbizini Kongo na Sudan baada ya misukosuko iliyofuata vita vya 1979. Hawakukuta kazi, wakajitafutia. Hatuwatukani. Lakini mafuta ya kwenye dumu huwezi kujua yamechanganywa na nini, na mara nyingi ni mafuta ya taa. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa hulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Utasikia mlio kama wa kokoto kwenye mkebe unapokanyaga akselereta. Huo mlio si sifa ya injini kali, kama wengine wanavyojivunia. Ni nyundo inayogonga pistoni yako. Na aliyechonga silinda hedi ili kuzidisha mgandamizo, kisha akaseti moto mbele zaidi, halafu akatia mafuta ya dumu, huyo anatengeneza chuma chakavu kwa mikono yake. Kama huna hakika ya petroli, acha silinda hedi kama kiwanda kilivyoitengeneza.

Uzito haugharimu kitu. Datsun 1600 kuukuu haifiki tani moja. Kiti cha nyuma, tairi la akiba, jeki, sanduku la spana, spika kubwa za muziki na tangi lililojaa: jumla yake yaweza kufika kilo 100. Petroli lita 40 peke yake ni kama kilo 30. Ukiviondoa vyote kwa mbio za siku moja utapunguza karibu nusu sekunde, na jioni unavirudisha. Nusu sekunde hiyo kwa njia ya injini ingekugharimu mishahara ya miezi. Lakini usiondoe kiti cha dereva wala mkanda. Tumemwona mtu amekalia kreti ya soda.

Difu nayo ina maneno yake. Difu yenye meno 9 kwa 35 huzungusha shafti karibu mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu. Yenye meno 8 kwa 35 huzungusha zaidi ya mara nne na theluthi. Hii ya pili huondoka kwa nguvu zaidi. Ila ukienda nayo Koboko siku ya kazi, injini italia njia nzima na petroli itakwisha kabla ya kurudi. Kwa gari linalolisha watu nyumbani, sisi twasema libaki na difu yake. Mengine ni ya miguu ya dereva: kuachia klachi bila kuunguza, kutozungusha matairi bure pale pa kuanzia, na kubadili gea pale nguvu inapoanza kushuka, si pale injini inapopiga kelele za kutisha. Mazoezi ya kuondoka yanaweza kufanywa uwanjani kwa mita 20 tu.

Tumeziacha breki hadi sasa kwa makusudi, kwa sababu ndivyo vijana wanavyoziacha.

Magari haya ya kawaida humaliza mita 402 kwa sekunde kama 18 hadi 20, yakiwa na mwendo unaokaribia kilomita 120 kwa saa. Kwa mwendo huo gari hupita mita 33 kila sekunde. Mzigo ambao breki zatakiwa kuumeza kwenye 120 ni mara nne ya ule wa kwenye 60. Breki ambayo sokoni yaonekana nzuri yaweza kushindwa kabisa hapo, hasa ikiwa mafuta yake yana maji ndani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Baada ya miaka miwili hayafai, na yakichemka pedali huzama hadi chini. Ni wangapi kati yetu wamewahi kuyabadili? Tuliuliza chini ya mwembe. Katika watu kumi na moja alijibu mmoja, na huyo ni dereva wa gari la wagonjwa.

Na baada ya mstari wa mwisho panatakiwa njia iliyo wazi isiyopungua zile mita 402, tupu, isiyo na kona wala mtoto wala mbuzi. Lami ya Koboko siku ya Jumapili jioni haina mahali pa namna hiyo. Watu wanatoka kanisani na msikitini na sokoni. Boda boda zinaingia kutoka vichochoro bila kutazama. Malori ya kwenda Oraba yanapita usiku na mchana. Hapo ndipo tunapowaambia vijana wetu wazi: ufundi wenu twaupenda, mahali penu hatupataki. Mashindano barabarani bila kibali ni kosa kwa sheria, lakini hata kama sheria isingekuwapo, anayekufa pale ni mtu anayekwenda zamu ya usiku kwa miguu. Ni mwanachama wetu, au mama yake.

Wamarekani nao walianza hivyo hivyo, barabarani usiku, na watu walikufa. Mwaka 1950 walifungua uwanja wa mbio hizo kwenye njia ya ndege huko Santa Ana, California, na mwaka 1951 Wally Parks, mhariri wa gazeti la magari, alianzisha chama cha NHRA ili kuwatoa vijana barabarani na kuwapa sheria, wakaguzi na mahali. Hawakuanza na majukwaa na taa. Walianza na kipande cha lami kilichofungwa, na mtu wa kutazama breki kabla gari halijapanga mstari.

Jambo moja limebaki, nalo kwetu ndilo zito kuliko yote. Ni nani anayefanya kazi hii? Mwenye gari hujisifu kwa sekunde zake, lakini aliyelala chini ya gari ni mwanagenzi wa miaka kumi na saba, hana mkataba, hana mshahara ila chakula cha mchana. Twamjua mmoja. Gari lilikuwa juu ya jeki moja, hakukuwa na gogo wala tofali, watu wakiharakisha kumaliza klachi kabla ya Jumapili. Jeki iliteleza. Mkono wake ulivunjika mahali pawili. Mwenye gari alilipia picha ya mfupa, akanyamaza. Mbio zilifanyika siku ile ile, kwa gari lile lile. Hatusemi majina. Wahusika wanajijua.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 ipo, na sheria ya fidia kwa wafanyakazi ipo. Lakini gereji ya chini ya mti, nani anaikagua? Vijana hunyonya petroli kwa mpira na mdomo. Hunawa mikono kwa petroli, na kushinda wamelowa oili chafu, ambayo ikikaa kwenye ngozi miaka mingi huleta kansa. Hupuliza vumbi la breki na klachi za zamani kwa upepo wa kompresa, na vumbi hilo katika magari ya miaka ile lina asbesto, ugonjwa wake ukijitokeza baada ya miaka ishirini au thelathini kijana amekwisha kuwa baba wa watu. Vumbi hilo lilowanishwe kwa maji, lifutwe kwa kitambaa, kitambaa kitupwe kikiwa bado kibichi. Hakuna gharama yoyote hapo. Na injini isiachwe ikinguruma ndani ya banda lililofungwa, kwa maana gesi ya sumu iliyomo katika moshi wake haina harufu ya kuonya.

Wapo watakaosema mafundi hawa si wafanyakazi wa kiwanda wala wa shamba, kwa hiyo si shauri letu. Hata waendesha boda boda walisemwa hivyo. Lakini hapa Uganda chama cha wafanyakazi wa uchukuzi, ATGWU, kiliwapokea boda boda na watu wa teksi, watu wasio na mwajiri wala karatasi ya mshahara, na leo wanazungumza na wakubwa wakiwa kundi. Mafundi wa gereji za Arua na Koboko wanaweza kufuata njia hiyo. Tena wengi wao ni watoto wetu na wadogo zetu wa tumbo moja. Mfanyakazi akipunguzwa kazini, mara nyingi hukimbilia gereji.

Basi tawi limekata shauri hivi. Tutapeleka barua kwa wakuu wa Jiji la Arua na wa Koboko, pamoja na polisi wa barabara, tukiomba kipande cha lami kilichonyooka, nje ya makazi, kifungwe nusu siku mara moja kwa miezi mitatu, gari la wagonjwa likiwapo. Tutawaandikia pia Shirikisho la Vilabu vya Mbio za Magari la Uganda, FMU, watuletee mtu anayejua kukagua magari na kupanga watazamaji, maana watazamaji nao huuawa. Huenda tukanyimwa. Huenda tukajibiwa kwamba wafanyakazi hawana haja ya michezo ya matajiri. Jibu hilo likija tutalichapa hapa neno kwa neno. Na mpaka kibali kitakapopatikana, mwanachama atakayekamatwa akishindana kwenye lami ya Koboko asije ofisini kwetu kutaka wakili. Uamuzi huo ulipita kwa kura chache, na waliopinga bado wamekasirika, tunawaambia tumewasikia.

Wakati tunangoja, Jumapili ya kwanza baada ya mshahara, saa tatu asubuhi, tutakutana chini ya mwembe ule ule kukagua breki. Mwenzetu mmoja atatuazima geji ya kupimia silinda. Mwenye gari na aje na jeki yake, magogo mawili manene, kopo la mafuta ya breki lisilofunguliwa, na huyo kijana anayemtengenezea. Asiye na gari aje vilevile, kwa sababu kutoa hewa kwenye mabomba ya breki kunahitaji watu wawili, mmoja chini na mmoja wa kukanyaga pedali.